Siku ya Katiba katika Kisii na Nyamira: Sherehe isiyo ya mapumziko

Agosti 27 si siku ya kupumzika nchini Kenya. Maduka ya mjini Kisii hufunguliwa kama kawaida, wachuma majani chai wa Nyamira huenda mashambani, na watoto, shule zikiwa zimefunguliwa, huenda masomoni. Hata hivyo, ni tarehe yenye uzito. Siku kama hiyo mwaka wa 2010, Rais Mwai Kibaki aliizindua rasmi Katiba mpya katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, majuma matatu baada ya wapiga kura zaidi ya milioni sita kuiunga mkono katika kura ya maamuzi ya Agosti 4.

Kwa miaka 15 tarehe hiyo haikuwa na nafasi rasmi katika kalenda ya taifa. Ni Agosti 2025 ambapo Rais William Ruto alitangaza kwamba Agosti 27 ya kila mwaka itakuwa Siku ya Katiba, ya kuadhimishwa kwa mihadhara, mijadala na elimu ya uraia katika idara za serikali, kaunti na taasisi za masomo, huku kazi zikiendelea. Chanzo cha pengo hilo ni Katiba yenyewe. Kifungu cha 9 kinazitaja sikukuu tatu za kitaifa, yaani Madaraka, Mashujaa na Jamhuri, lakini hakiitaji siku ambayo sheria hiyo kuu ilianza kutumika. Walioiandika waliwakumbuka mashujaa, uhuru na jamhuri, wakaisahau kazi ya mikono yao.

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, maadhimisho ya aina hii hayawezi kutenganishwa na historia ya Abagusii katika vita vya kuidai katiba bora. Marehemu George Anyona, aliyeingia bungeni mwaka wa 1974 kuwakilisha eneo ambalo leo limo katika Kaunti ya Nyamira, alikamatwa mwaka wa 1977 na kuzuiliwa bila kufunguliwa mashtaka. Mwaka wa 1982 yeye na Jaramogi Oginga Odinga walikusudia kuunda chama cha upinzani. Serikali ilijibu haraka: Juni mwaka huo bunge lilipitisha kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria, naye Anyona akarudishwa kizuizini. Alikamatwa tena mwaka wa 1990, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka saba kwa uchochezi. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Mwaka wa 1992 Anyona aliachiliwa, akachaguliwa mbunge wa Kitutu Masaba, kiti alichokishikilia hadi 2002. Alifariki katika ajali ya barabarani Novemba 2003, miaka karibu saba kabla ya kuzinduliwa kwa Katiba aliyoililia.

Mwana mwingine wa eneo hili, wakili Charles Nyachae, aliteuliwa kuiongoza Tume ya Utekelezaji wa Katiba, iliyopewa muda maalumu wa kusimamia utungaji wa sheria za kuitia nguvu Katiba mpya. Tume hiyo ilimaliza kazi yake mwishoni mwa 2015.

Kisha ikaja Oktoba 2020. Sherehe za kitaifa za Mashujaa zilifanyika katika Uwanja wa Gusii, Kisii, na Rais Uhuru Kenyatta alitumia sehemu kubwa ya hotuba yake kutetea haja ya kuifanyia Katiba marekebisho. Kesho yake, Oktoba 21, yeye na Raila Odinga walipokea ripoti ya BBI katika Ikulu ndogo ya Kisii. Mpango huo ulikwama mahakamani: Mahakama Kuu iliuharamisha Mei 2021, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo Agosti mwaka huo, na Machi 31, 2022 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba Rais hawezi kuanzisha mageuzi ya Katiba kwa njia iliyotengewa wananchi katika kifungu cha 257. Kwa mwalimu wa elimu ya uraia, ni vigumu kupata mfano ulio karibu zaidi na nyumbani. Wakazi waliouona msafara wa viongozi ukiingia mjini mwao waliona pia, baada ya miezi 17, kwamba karatasi iliyopokewa kwa shangwe haikuwa na uwezo wa kuishinda sheria.

Elimu hiyo si hisani ya mwanasiasa yeyote. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa elimu ya uraia pamoja na kitengo cha kuusimamia. Kisii ina wadi 45 na Nyamira 20, na kwa mujibu wa sensa ya 2019 kaunti hizo mbili zilikuwa na watu 1,266,860 na 605,576 mtawalia. Kundi kubwa kiasi hicho haliwezi kufikiwa kwa warsha za hotelini. Njia zinazofika vijijini ni baraza la chifu, kanisa, soko, na redio zinazotangaza kwa Ekegusii, zikiwemo Egesa FM na Minto FM. Lugha ni jambo la msingi hapa. Kifungu cha 7 kinaitambua lugha ya Kiswahili kuwa ya taifa na rasmi, na kinaiagiza serikali kuziendeleza lugha za kiasili. Bibi wa Borabu anayesomewa haki zake kwa Kiingereza hajasomewa kitu.

Na haki zenyewe, katika milima hii, si maneno ya kupamba. Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, waliuawa na nyumba zao kuchomwa na umati uliowashuku kuwa wachawi. Oktoba 2021, miaka 11 baada ya Katiba mpya kuanza kutumika, wanawake wanne, wenye umri mkubwa, waliuawa vivyo hivyo katika eneo la Marani, Kisii. Katiba inalinda uhai katika kifungu cha 26. Cha 50 kinasema mshukiwa huhesabiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Na cha 57 kinawapa wakongwe haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Mtu akitaka kuijua thamani ya Siku ya Katiba, na aulize kama vifungu hivyo vitatu vimesomwa barazani katika kijiji ambacho mjane mzee anaishi peke yake.

Suala la ukeketaji nalo ni la aina hiyo hiyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulionyesha kwamba asilimia 84 ya wanawake wa jamii ya Abagusii wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Ule wa 2022 ulipata asilimia 77. Kifungu cha 53 kinamkinga mtoto dhidi ya mila zenye madhara, na sheria ya 2011 inawaadhibu hata wahudumu wa afya wanaofanya kitendo hicho kwa siri wakidai kupunguza hatari. Kwa kuwa wasichana wengi hupashwa tohara wakati wa likizo ya Desemba, mafunzo ya Agosti huja wakati mwafaka, mradi yasiishie Agosti.

Kuhusu ardhi, mjadala huwa mkali zaidi. Kisii ilikuwa na watu 957 katika kila kilomita mraba mwaka wa 2019. Mashamba yamegawanywa yakagawanywa tena, na Katiba inasema mwanamke asibaguliwe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Binti anayedai sehemu ya shamba la babake anakutana na kaka ambao nao wana robo ekari tu. Hakuna mkufunzi anayeweza kulitatua jambo hilo kwa kusoma kifungu cha 60 na kuketi.

Upande wa uongozi, wakazi wamepata masomo ya bure. Machi 2024 Seneti ilimwondoa mamlakani naibu gavana wa Kisii, Robert Monda, aliyekuwa ameng'olewa na bunge la kaunti. Alikuwa naibu gavana wa kwanza kuondolewa kwa njia hiyo. Katika Nyamira, bunge la kaunti lilipiga kura ya kumtimua Gavana Amos Nyaribo mnamo Novemba 2025, lakini Seneti ikakubali pingamizi kwamba idadi ya thuluthi mbili haikuwa imetimia. Kaunti jirani, utaratibu mmoja, matokeo mawili tofauti: hesabu ya kura ndiyo iliyoamua.

Lipo pia swali la Keroka. Mji huo umekatwa na mpaka wa Kisii na Nyamira, na tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013 kaunti hizo zimezozana kuhusu ni nani anayestahili kukusanya ushuru sokoni. Mipaka ya kaunti ilifuata wilaya zilizotambuliwa na sheria ya 1992, ndiyo sababu Nyamira, iliyokuwa imekwisha kutengwa na Kisii, ikawa kaunti, lakini Gucha iliyoundwa baadaye haikuwa. Kifungu cha 188 kinaruhusu mpaka kubadilishwa, ila kwa pendekezo la tume huru iliyoundwa na bunge kwa kazi hiyo na idhini ya Bunge la Taifa pamoja na Seneti. Muuza ndizi wa Keroka anayetakiwa kulipa pande mbili hahitaji hotuba ya uwanjani. Anahitaji kuelezwa ni ofisi ipi iliyo na mamlaka ya kumdai, na apeleke wapi malalamishi akidaiwa mara ya pili.