Hesabu za Mkiani

Julai 23, 1988, Simba na Yanga zilikutana Dar es Salaam, na safari hiyo Simba haikuwa na habari ya kombe. Ilikuwa chini kwenye msimamo, ikipigania isishuke daraja. Ikashinda 2-1: Edward Chumila na John Makelele waliifungia Simba, Issa Athumani akaifungia Yanga. Simba ikanusurika, na ubingwa wa Bara mwaka huo ukaenda Tanga kwa Coastal Union, Wagosi wa Kaya. Mtu wa Tanga aliyekaa karibu na redio alasiri ile hakuwa na timu uwanjani, lakini alikuwa na kila sababu ya kuishangilia Simba. Na shabiki wa timu nyingine yoyote ya mkiani alikuwa na kila sababu ya kuiombea mabaya.

Historia ya soka ya Afrika Mashariki huandikwa kwa mabingwa. Makombe hupigwa picha, wafungaji bora hutajwa kila mwaka, na magoli ya watani wa jadi husimuliwa hadi kwa wajukuu. Desturi ya mashabiki wa timu za chini, ya kukaa na kalamu na ratiba wakikadiria nani atamfunga nani, haina kumbukumbu rasmi popote. Lakini hao ndio wanaoijua ligi. Majimaji ilipokuwa Ligi Kuu, shabiki wa bingwa aliweza kumaliza msimu bila kujua inacheza na nani kule Songea. Shabiki wa timu iliyokuwa nafasi ya 14 alijua. Alijua pia beki gani wa Majimaji alikuwa na kadi mbili za njano, na kama mvua ilikuwa imenyesha Songea wiki hiyo.

Ligi ya taifa ya Tanzania ilianza mwaka 1965, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Sunderland, klabu iliyokuja kuitwa Simba mwaka 1971. Kwa miongo mingi hesabu za msimu zilitegemea sauti moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary. Redio ilitangaza mechi kubwa. Za mikoani zilikuja kwa taarifa fupi: dakika imetajwa, bao limetajwa, basi. Mtu wa Mbeya au Mtwara ambaye timu yake ilikuwa inachungulia kaburi alilazimika kungoja sentensi moja katikati ya mechi isiyomhusu, na akiikosa angoje gazeti la kesho yake.

Hakukuwa na aliye salama, na mashabiki walijifunza hilo mapema. Tukuyu Stars ya Rungwe ilipanda Ligi Kuu ikatwaa ubingwa wa mwaka 1986 papo hapo, kisha ikashuka mwaka uliofuata. Nchini Kenya, AFC Leopards, klabu yenye mashabiki nchi nzima, ilishuka mwaka 2006 na watu wake wakakaa misimu kadhaa nje ya ligi waliyozoea kuitawala. Ukiwa umeona bingwa akishuka, huwezi tena kuamini kwamba pointi 30 zinatosha.

Kukadiria matokeo ya wengine kunataka kitu kimoja cha msingi: kila timu icheze kwa nia ya kushinda. Dunia ililiona jambo hilo kwa uchungu Juni 25, 1982, mjini Gijón, Hispania. Algeria ilikuwa imeifunga Ujerumani Magharibi 2-1, ikaifunga na Chile 3-2, lakini mechi yake ya mwisho ilichezwa siku moja kabla ya ile ya Ujerumani na Austria. Kwa hiyo Wajerumani na Waaustria waliingia uwanjani wakijua matokeo gani yangewapitisha wote wawili. Horst Hrubesch akafunga dakika ya 10, na muda wote uliobaki mpira ulipasiwa pasipo mtu kuutaka. Ikaisha 1-0, Algeria ikarudi nyumbani. Tangu Kombe la Dunia la 1986, mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja, na ligi nyingi zimefuata utaratibu huo katika raundi ya kufungia msimu.

Hapo ndipo siku ya mwisho ilipopata sura yake ya sasa: viwanja vinane, filimbi moja, na jukwaani watu walioweka redio ndogo sikioni huku macho yakiwa kwenye mechi nyingine kabisa. Zilipokuja simu za mkononi, kila kundi la mashabiki likawa na mtu wake kila uwanja.

Tanzania nayo ina Gijón yake, na ni jirani ya Ziwa Victoria. Msimu wa 2015/16, Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza lilifikia raundi ya mwisho huku nafasi ya kupanda ikining'inia kwenye tofauti ya mabao. Geita Gold ikaifunga JKT Kanembwa mabao 8-0. Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0. Hakuna aliyeketi na kalamu akapata namba kama hizo kwa hesabu za kawaida, na mashabiki ndio waliokuwa wa kwanza kupiga kelele. Shirikisho la soka, TFF, lilichunguza, na Aprili 2016 timu zote nne zikaadhibiwa kwa kupanga matokeo na kushushwa. Nafasi ya kupanda Ligi Kuu ikaenda kwa timu ambayo haikuwa midomoni mwa wengi, Mbao FC ya Mwanza.

Inafaa jambo hili lisemwe wazi. Yule mzee wa kijiweni anayejua kwamba timu fulani haijawahi kufunga mabao matatu ugenini msimu mzima ni mlinzi wa ligi. Anafanya kazi hiyo bila mshahara, na mara nyingi anaona mapema kuliko kamati, kwa sababu ameshazipitia namba zote kabla mpira haujaanza. Matokeo yakitoka nje ya kila alichokadiria, anauliza kulikoni.

Msimu huohuo wa 2015/16, Tanga ilipata pigo kubwa. Timu zote tatu zilizoshuka Ligi Kuu zilitoka huko: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Kwa wiki kadhaa watu wa barabara ya kumi na mbili na Ngamiani walikuwa wakikokotoa jinsi moja itakavyookoka kwa gharama ya nyingine. Hesabu za jirani dhidi ya jirani ni ngumu kuliko zote, kwa maana unayemtabiria kipigo ni shemeji yako. Mwishowe hazikumsaidia yeyote. Coastal ilirudi mwaka 2018. Tanga ilikaa misimu miwili mizima bila Ligi Kuu.

Mwaka uliofuata, mzigo ukahamia Mwanza.

Asubuhi ya Mei 20, 2017, JKT Ruvu ilikuwa imeshashuka. Zilibaki nafasi mbili za kushuka na timu kadhaa zenye hofu. African Lyon ilikuwa na pointi 31. Mbao na Ndanda ya Mtwara zilikuwa na 30 kila moja. Toto Africans ya Mwanza, Wana Kishamapanda, ilikuwa na 29. Majimaji nayo ilikuwa haijatoka hatarini. Ukikaa upande wa Lyon, mambo yalionekana mazuri: uko juu ya timu tatu, na angalau moja kati ya Mbao na Ndanda itajikwaa. Mbao ilikuwa inacheza na Yanga, timu iliyokuwa inakwenda kutawazwa bingwa. Nani angeiona Mbao ikiondoka na pointi hapo?

Upande wa Toto mambo yalikuwa na chumvi zaidi. Toto tangu zamani inahesabiwa kuwa mtoto wa Yanga, jina lenyewe likitamka hivyo. Yanga sasa ilikuwa Mwanza, uwanja wa CCM Kirumba, ikicheza na jirani aliyekuwa akigombania hewa ileile na Toto. Shabiki wa Toto alihitaji, kabla ya yote, mambo mawili: timu yake ishinde ugenini Manungu, katikati ya mashamba ya miwa ya Mtibwa, na baba aifunge Mbao. La pili ndilo lililoonekana rahisi.

Lakini wenye uzoefu walikuwa na kanuni nyingine, nayo ni ya zamani. Bingwa aliyekwisha kushika kombe usimtegemee. Yanga ilikuwa mbele ya Simba kwa pointi tatu na kwa mabao mengi. Hata ikifungwa moja bila, kombe halitoki. Mtu mwenye njaa na mtu aliyeshiba wakigombea tonge moja, kila mtu anajua nani atalipata. Kanuni hiyohiyo iliipa Ndanda nafasi nzuri, maana ilikuwa nyumbani, uwanja wa Nangwanda Sijaona, dhidi ya JKT Ruvu, timu isiyo na la kupoteza wala la kupata.

Kanuni ikashinda jina. Mbao iliifunga Yanga 1-0. Ndanda iliifunga JKT Ruvu 2-0. Majimaji ikashinda yake. Toto ikafungwa na Mtibwa 3-1. Lyon, iliyoanza siku ikiwa juu ya wote hao wadogo, ilitoka sare ya 0-0 na Prisons, ikafikisha 32, na 32 haikutosha: Mbao 33, Ndanda 33. Yanga ilifungwa na bado ikachukua ubingwa kwa tofauti ya mabao, ikiwa sawa na Simba kwa pointi 68. Kirumba siku ile kulikuwa na sherehe mbili kwenye uwanja mmoja, aliyefungwa na aliyefunga wote wakifurahi, na huzuni ya Mwanza ikawa imeelekea Manungu. Wiki moja baadaye Mbao ilikuwa Dodoma kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Simba 2-1.

Katika mwezi huohuo wa Mei 2017, kampuni ya kubashiri ya SportPesa, iliyoanza Kenya mwaka 2014, ilisaini mikataba ya udhamini na Simba na Yanga. Kuanzia hapo kukadiria matokeo hakukuwa tena jambo la kijiweni tu. Kila simu ikawa na mkeka wa kubashiri. Mechi ya Ndanda na JKT Ruvu, ambayo zamani ilifuatwa na watu wa Mtwara na wachache wenye hofu, sasa iliweza kuwa na pesa ya kijana wa Nakuru juu yake. Ujuzi uliotumika ni ule ule: nani yuko nyumbani, nani ameshiba, nani ana majeruhi. Nia ndiyo iliyobadilika. Mwenye mkeka anataka namba zitimie, na haimsumbui sana zimetimia vipi. Mwenye timu mkiani anataka haki itendeke viwanja vyote vinane, kwa sababu bila haki hana la kukokotoa. Hilo ni badiliko baya, na wasimamizi wa ligi zetu wangefanya vyema kuwasikiliza hao wa pili zaidi.

Kuna kingine kinachoharibu hesabu, nacho hakihusiani na pesa: viporo. Timu kubwa zikienda kucheza mashindano ya Afrika, mechi zao za ligi huahirishwa, na msimamo unabaki na mashimo. Timu moja ina mechi 24, nyingine 27. Kwenye karatasi uko juu. Kwa hesabu ya kweli uko chini.

Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, wanaujua ugumu huo kwa kiwango kingine. Ligi ya Congo, Linafoot, iliyoanza mwaka 1990, kwa miaka kadhaa iligawanywa kwa kanda kwa sababu nchi ni kubwa na barabara za kuiunganisha ni chache. Timu za Goma kama DC Virunga na Dauphin Noir zilitegemea ndege kufika Lubumbashi. Katika vijiji kama Shasha, kwenye barabara ifuatayo ufukwe wa Ziwa Kivu kutoka Sake kwenda Minova, matokeo hupatikana kwa redio. Radio Okapi, iliyoanza Februari 2002, hutangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Mapema mwaka 2024 vita vya waasi wa M23 viliifikia Shasha na kuikata barabara hiyo. Januari 2025 ikawa zamu ya Goma. Shabiki wa huko hana hata ratiba ya kuwekea kalamu, na huo ni wizi mdogo ndani ya wizi mkubwa aliofanyiwa.

Tanzania, kwa upande wake, imepunguza makali ya siku ya mwisho kwa njia ya mchujo. Tangu msimu wa 2018/19, timu mbili zilizo juu kidogo ya zinazoshuka moja kwa moja hupewa nafasi ya kujitetea nyumbani na ugenini. Mbao yenyewe ilifika huko mwaka 2020, ligi ilipokuwa na timu 20. Ikakutana na Ihefu ya Mbarali, ikashindwa, ikashuka. Katika mechi mbili zile hapakuwa na wa kuombewa wala wa kutabiriwa kwenye uwanja mwingine. Ilikuwa Mbao na Ihefu tu, na mashabiki wa Kirumba waliozoea kusikiliza viwanja vitano kwa mpigo walibaki na mmoja wa kutazama.