Kutoga, Ndewe na Majasi: Istilahi za Pambo la Sikio katika Historia ya Waswahili

Katika pwani ya Waswahili, kutoga ni kutoboa sikio au pua kwa ajili ya pambo. Kutoja ni kuchanja ngozi. Ndewe hutaja tundu lenyewe la sikio. Tundu hilo halikupanuliwa kwa haraka: jeraha lilisubiriwa lipone kwanza, kwani pambo zito huweza kuchana nyama mbichi. Wenye uwezo walivaa majasi ya dhahabu au fedha. Wengine walikunja karatasi ya rangi ikawa duara la kujaza ndewe. Tofauti hiyo, kwa maoni yetu, si ya urembo pekee. Zanzibar, baada ya hadhi ya kisheria ya utumwa kufutwa mwaka 1897, mavazi na mapambo yalikuwa miongoni mwa njia ambazo wanawake waliokuwa watumwa walizitumia kudai uungwana.