Unataka Kupanda Sukuma Nyuma ya Keja Bulla Pesa? Soma Hii Kabla Ununue Matofali

Umeziona hizo picha mtandaoni. Sanduku safi la mbao nyuma ya nyumba, udongo mweusi tititi, spinachi imesimama wima kama askari wa gwaride. Ukaangalia nyuma ya keja yako hapo Bulla Pesa, ukaona vumbi, kamba ya nguo na mbuzi wa jirani, ukasema, "Hata mimi naweza." Unaweza, buda. Lakini picha nyingi za aina hiyo ni za Uingereza na Marekani, na shida yao huko si yako.

Wao huinua tuta kwa sababu maji ni mengi na udongo ni baridi. Likiinuka, maji yanatoka haraka na udongo unapata joto. Sasa hapa Isiolo joto tuko nalo la kugawia watu. Maji ndio noma. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, na hata mwaka mzuri unangoja Machi mpaka Mei, halafu Oktoba mpaka Desemba. Tuta la juu hukauka kutoka juu na kutoka kando pia. Ndio maana sehemu kavu watu huchimba chini: shimo la futi moja na nusu, unarudisha udongo uliochanganywa na mbolea, unaacha kama nusu futi bila kujaza ili mvua ikinyesha maji yatulie hapo.

So nani ajenge juu? Wewe ambaye ploti yako ni mwamba, murram iliyoshindiliwa au simiti. Ama mathe wako mgongo unamsumbua na kuinama ni shida. Kama ni hivyo, endelea, lakini piga hesabu kwanza.

Chukua tuta la mita 2 kwa mita 1, kimo sentimita 30. Hiyo ni lita 600 za udongo, karibu wilbaro 10 zilizojaa. Maji sasa: jua la huku linaweza kunyonya milimita 5 kwa siku, na milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hivyo tuta lako linakunywa lita 10 kila siku, nusu mtungi. Wiki nzima ni mitungi mitatu na nusu. Zidisha na bei unayonunulia mtungi kwenu, halafu linganisha na doh unayotumia kwa sukuma ya sokoni. Kama maji yanashinda mboga kwa bei, usijenge tuta la pili. Wengi hurukia ujenzi bila kufanya hii hesabu, na tuta linageuka kuwa choo cha paka.

Kupunguza hiyo bili, funika udongo na nyasi kavu na umwagilie jioni. Maji ya kuoshea vyombo yanafaa kama sabuni ni kidogo, ila mwaga kwenye shina, si kwenye majani. Maji yenye dawa ya kutoa madoa achana nayo.

Vifaa? Mawe na matofali ya simiti ndio mwisho wa maneno. Mbao zitaliwa na mchwa. Nguzo za fensi zenye rangi ya kijani, zile zimewekwa dawa, usiziguse kabisa kwa chakula: dawa hiyo mara nyingi huwa na arseniki. Upana usipite mita 1.2, ndio mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo. Ndani weka udongo wa juu sehemu mbili, samadi sehemu moja. Samadi ya mbuzi Isiolo haikosi, lakini ikiwa mbichi itachoma miche. Ilowanishe, ifunike, ingoje miezi miwili au mitatu.

Kama unajenga sanduku kando ya ukuta, usitumie ukuta wa nyumba kama upande wa nne. Unyevu utapenya ndani na plasta itaanza kumenyeka. Jenga upande wake, acha nafasi ya mkono, na uache matundu chini ya kutoa maji. Chagua upande wa mashariki: unapata jua la asubuhi, mchana nyumba inakupa kivuli. Tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hivyo ukuta wa kaskazini unapigwa na jua kuanzia mwisho wa Machi mpaka Septemba, halafu zamu inaenda kusini.

Na wewe wa kukodisha, usijenge kitu chochote cha kudumu. Landilodi akikuambia uhame, matofali yanabaki yake. Tumia gunia. Kibera walishika hii mbinu sana baada ya fujo za uchaguzi za 2007 na 2008, na shirika la Ufaransa, Solidarités, likaisukuma. Simamisha debe lisilo na mfuniko wala kitako katikati ya gunia, lijaze mawe madogo, zungusha udongo kando, vuta debe juu, rudia mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo inapeleka maji chini. Toboa kando, panda miche hapo.

Kuna ile ya duara pia, iliyopata umaarufu Lesotho, yenye njia ya kuingilia na kikapu katikati. Maganda na maji ya vyombo yanaingia kwenye kikapu na kulisha tuta lote. Kwa nyumba ya watu wengi, hiyo ndio naipa kura yangu.

Ya kupanda, anza na kunde na mchicha. Zinavumilia jua, na kwa wiki 4 hivi unachuma majani. Sukuma itakaa mwezi mmoja hadi miwili baada ya kuhamisha miche, na tuta letu la mita 2 linabeba kama mashina 15. Dania joto likizidi inakimbilia maua, ipe kivuli.

Halafu mbuzi. Tuta la sentimita 30 kwake ni meza imeandaliwa. Weka fensi ya waya au miiba ya kimo cha kifua, na uiweke kabla miche haijafika.