Seli za Messina na Uzee wa Mwili

Mwaka 1882, mjini Messina katika kisiwa cha Sisilia, familia ya Ilya Mechnikov ilikwenda kwenye sarakasi kutazama nyani waliofunzwa michezo. Yeye akabaki nyumbani na hadubini yake. Mtaalamu huyu wa wanyama, mzaliwa wa eneo la Kharkiv, alikuwa ameacha kazi katika Chuo Kikuu cha Odessa mwaka huohuo. Sasa alikuwa akichunguza vichanga vya kiti cha pwani, ambavyo ngozi yake hupitisha mwanga hata vya ndani vikaonekana. Humo ndani aliona seli zikitembea huku na huko, akajiuliza zinatembea kwa kazi gani. Kama ni walinzi, basi kitu kigeni kikiingia zitakimbilia hapo. Akatoka bustanini, akachuma miiba ya waridi, akaichomeka chini ya ngozi ya vichanga hivyo. Usiku ule hakupata usingizi. Kulipokucha akakuta seli zimejazana kuuzunguka kila mwiba.

Aliziita fagositi, yaani seli zinazokula. Hapo ndipo sayansi ilipoanza kuielewa kinga ya asili, ile ambayo mtu huzaliwa nayo na ambayo haihitaji kwanza kumjua adui ili ipigane naye.

Wajerumani hawakumwelewa, au hawakutaka. Wanafunzi wa Robert Koch waliamini kwamba ulinzi wote umo katika majimaji ya damu, na Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walipoonyesha mwaka 1890 kuwa damu ya mnyama aliyekingwa hunyamazisha sumu ya pepopunda, hoja yao ilipata nguvu. Mechnikov alikuwa amekwisha kuhamia Paris mwaka 1888, ambako Louis Pasteur alimpa maabara. Ugomvi ulidumu miaka ishirini hivi. Tuzo ya Nobel ya 1908 iliumaliza kwa namna ya kistaarabu: waligawana yeye na Paul Ehrlich, bingwa wa kambi ya pili. 

Lakini wakati huo akili ya Mechnikov ilikuwa imehamia kwenye jambo jingine: kuzeeka. Mwaka 1903 alipendekeza kwamba elimu ya uzee iwe tawi la sayansi lenye jina lake. Nadharia yake ilikuwa ya kutisha kidogo. Alidai kwamba bakteria wa utumbo mpana hutoa sumu inayozidhoofisha seli za maana za mwili, kisha fagositi, walinzi walewale aliowagundua, huzigeukia na kuzila. Mvi nazo alizieleza hivyo: fagositi huingia kwenye unywele na kubeba rangi. Tiba yake ilikuwa maziwa yaliyochachushwa kwa bakteria wa Bulgaria, ambaye Stamen Grigorov alikuwa amemtambua Geneva mwaka 1905. Ulaya ikaanza kununua mtindi kama dawa. Mwenyewe aliunywa kila siku, na alifariki mwaka 1916 akiwa na miaka 71.

Kuhusu mvi alikosea. Leo inajulikana kwamba seli zinazotengeneza rangi ndizo zinazokwisha. Hata hivyo, kuwatilia shaka walinzi wenyewe lilikuwa wazo zuri kuliko ushahidi aliokuwa nao.

Madaktari wa wodini waliliona tatizo kwa macho yao. William Osler, katika kitabu chake cha tiba cha 1892, aliitaja nimonia kuwa adui mahususi wa uzee. Toleo la 1898 likakubali kwamba ingeweza pia kuhesabiwa kuwa rafiki wa mzee, kwa vile humwondoa haraka bila mateso ya muda mrefu. Osler mwenyewe alikufa kwa matatizo yaliyofuata nimonia mwaka 1919, akiwa na miaka 70.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini, watafiti wa kinga ya wazee walielekeza macho kwenye tezi ya thaimasi, inayosinyaa mapema maishani, na seli zinazokomaa humo. Fagositi zikaonekana kama mambo ya zamani. Hali ilibadilika baada ya 1996, Jules Hoffmann na wenzake wa Strasbourg walipoonyesha jinsi nzi wadogo wa matunda wanavyowatambua kuvu kwa kutumia jeni ya kinga ya asili iitwayo Toll. Miaka miwili baadaye Bruce Beutler alipata jamaa wa jeni hiyo katika panya. Wote wawili walituzwa Nobel ya 2011.

Mwaka 2000 Claudio Franceschi wa Bologna alieleza kwamba mwili wa mzee huishi katika inflamesheni ya chinichini isiyozimika: walinzi wako macho usiku na mchana hata kama hakuna aliyevamia. Halafu, mjini Birmingham, Elizabeth Sapey na Janet Lord wakazifuatilia netrofili, seli zinazofika kwanza kwenye maambukizi na zinazofanya sehemu kubwa ya usaha. Matokeo waliyochapisha mwaka 2014 yalishangaza. Netrofili za wazee zilitembea kwa kasi ileile ya za vijana, ila zilipotea njia. Zinapozurura hivyo, vimeng'enya vyake huchanachana tishu njiani, na bakteria wanapata muda wa kuzaliana. Kisa ni ishara moja ndani ya seli inayobaki imewashwa. Walipoizuia maabarani, seli zilirudi kwenye mstari.

Ndiyo maana mzee mwenye nimonia anaweza kuletwa hospitali bila homa, bila kikohozi cha maana, amechanganyikiwa tu na hataki kula. Homa ni kazi ya kinga ya asili, na kwake huchelewa au haiji. Ndugu zake husema ni uzee, na siku mbili zinapotea.

Kundi la Birmingham limejaribu pia simvastatini, kidonge cha kupunguza lehemu kinachopatikana kwa bei nafuu. Katika jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2019, wagonjwa wa nimonia waliopewa dozi kubwa kwa siku chache walionyesha netrofili zinazofanya kazi vizuri zaidi. Idadi yao haikutosha kubadili matibabu, kwa hiyo antibiotiki na chanjo za mafua na nimokokasi ndizo zinazotegemewa bado.