Machotara wa Kongo bado wanawatafuta mama zao

Desemba 2, 2024, Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua kwamba dola ya Ubelgiji ilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu ilipowapokonya akina mama wa Kongo watoto waliozaa na Wazungu. Walioshtaki ni mabibi watano waliokwisha kuvuka miaka sabini. Kila mmoja alipewa fidia ya euro 50,000.

Unyang'anyi huo ulidumu mpaka uhuru wa 1960. Kwa wakoloni, chotara alivuruga mpaka waliouweka kati ya mweupe na mweusi, kwa hiyo aliondolewa kijijini na kukabidhiwa misheni.

Hao watano walilelewa katika misheni ya Katende, Kasai. Mmoja wao, Monique Bitu Bingi, alichukuliwa mwaka 1953 akiwa na miaka minne. Anasimulia kwamba ukoo wake ulitishwa kuwa wanaume wangeingizwa jeshini wasipomtoa mtoto. Misheni walikuta njaa, na jina la watoto wa dhambi, kana kwamba dhambi ni yao. Baada ya uhuru, masista walihamishwa na wasichana wakaachwa nyuma, mikononi mwa wapiganaji waliowatenda ukatili wa kingono. Hata hivyo, mwaka 2021 mahakama ya kwanza iliwakatalia, ikisema mambo hayo hayakuwa jinai zama zile. Inauma kusoma hoja hiyo. Mama aliyelia kizingitini mwaka 1953 hakuhitaji hakimu amwambie kwamba ametendewa uovu.

Machotara wengine, hasa waliokuwa katika misheni ya Save nchini Rwanda, nako chini ya Ubelgiji, walipakiwa ndege kwenda Ubelgiji, ndugu wa tumbo moja wakagawiwa familia tofauti. Waziri Mkuu wa Ubelgiji wa wakati huo, Charles Michel, aliomba radhi bungeni Aprili 2019.

Ila radhi haimrudishii mtu ukoo wake. Wengi walibadilishwa majina, tarehe za kuzaliwa zikakisiwa, na penye jina la baba pakaandikwa kwamba hajulikani, hata pale ofisa aliyeandika alipomfahamu vizuri. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ubelgiji sasa inawasaidia kufukua majalada hayo, na wapo waliofanikiwa kuwapata ndugu zao. Hilo ni jema. Lakini majalada mengi yako Ulaya, ilhali shangazi na wajomba wanaokumbuka nani alizaliwa na nani wako Kasai, Butare na Bujumbura, na wanazeeka. Nakala zipelekwe kwao sasa, na wakaulizwe wangali hai.