PfCRT
Protini ya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum. Imekaa kwenye utando wa kifuko ambamo kimelea humeng'enya himoglobini. Mnyororo wake wa asidi amino 424 huupenya utando mara 10, hivyo ncha zote mbili hubaki upande mmoja. Vipande vinavyopenya vimejisokota kama springi na vimejaa asidi amino zinazokwepa maji. Katikati yavyo kuna uwazi. Asidi amino ya nafasi ya 76, lisini, ikigeuka threonini, chaji chanya hupotea kwenye uwazi huo na dawa ya malaria, klorokwini, hupenyezwa nje ya kifuko. Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 2001. Baadaye vimelea vyenye lisini hiyo vilirudi kutawala.