Alalili: Malisho Yasiyojengwa Boma Loliondo

Alalili ni malisho ambayo Wamaasai wa Loliondo, wilayani Ngorongoro, huyafunga wakati wa masika ili nyasi zake ziwafae kiangazi. Karibu na boma hutengwa pia sehemu ndogo, olopololi, kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu isiyoweza kutembea mbali. Kote huko hakujengwi. Wazee hutangaza siku ya kufunga na ya kufungua, na anayeingiza ng'ombe mapema hutozwa faini, mara nyingi ya mfugo.

Desturi hii ilisimama juu ya kuhamahama. Boma lilijengwa kwa fito, udongo na samadi. Lilipoachwa lilioza, na pale palipokuwa na zizi pakaota nyasi nene zilizorutubishwa na samadi ya miaka mingi, zikavuta ng'ombe na swala pia. Makazi yaligeuka malisho bila kubomolewa na mtu.

Mwaka 1959 Wamaasai waliondolewa katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na baadhi yao wakahamia Loliondo. Katika miaka ya 1970 ikaja Operesheni Imparnati, iliyowakusanya wafugaji katika vijiji vya kudumu. Shule na zahanati zilileta nafuu ya kweli, ila nyumba ya bati na saruji haihami. Viwanja na mashamba vikaanza kuimega alalili, hasa kandokando ya barabara na maji.

Ngao mpya ilitoka kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inayotambua milki ya kimila na ardhi ya pamoja isiyogawiwa mtu binafsi. Kwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007, kijiji huainisha pa kuishi, pa kulima na pa kuchungia, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoridhia.

Juni 2022 serikali ilitenga kilomita za mraba 1,500 kati ya takriban 4,000 za Pori Tengefu la Loliondo, ikitaja ulinzi wa vyanzo vya maji na ikolojia ya Serengeti. Baadaye mwaka huohuo eneo hilo, Pololeti, likafanywa pori la akiba. Ololosokwan, Kirtalo na Arash ni miongoni mwa vijiji vilivyopoteza malisho. Hasara hiyo ni nzito kuliko hesabu ya eneo inavyoonyesha: mifugo ikibanwa kwenye ardhi iliyosalia, nyasi huliwa masika na kiangazi, na wazee hawabakiwi na malisho ya kufunga.